Msije Kuomba Fomu Tu

 Wanangu, nina maneno ambayo nimekuwa nikimwambia mtu mmoja mmoja, na leo nataka niwaambie wote: mliooa na mlioolewa, mnaogombana na ambao bado hamjagombana.

Nimekaa miaka mingi katika baraza la usuluhishi la ndoa la kata yetu, hapa Tanga. Wamepita mbele yangu watu ambao nilikula pilau ya harusi yao, wamekuja kila mmoja kamgeuzia mwenzake mgongo. Ugomvi wenyewe haunishangazi. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana, na mume na mke ni binadamu. Kinachonichosha ni namna mnavyotujia. Mnakuja wakati kila kitu mmeshakiamua, na hata kukaa hamtaki. Mnasimama mlangoni, mmoja anaangalia simu, mwingine anaangalia barabara, mnasema, "Mzee, sisi tumeshashindwana. Tuandikie tu ile fomu twende zetu mahakamani."

Nauliza, "Watoto wako wapi?" Naambiwa, "Wapo kwa bibi yao." Nauliza baada ya hapa watakaa na nani, watasoma wapi, ada atalipa nani. Kimya. Ama hakuna aliyefikiria, ama kila mmoja amefikiria peke yake na ameshakula kiapo.

Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze. Ndoa ikifika pa kuvunjika itavunjika, na si kila iliyovunjika ilivunjwa na mtu mbaya. Lakini talaka huvunja ndoa, haivunji uzazi. Siku hakimu atakapotamka kwamba ninyi si mume na mke tena, hatatamka kwamba ninyi si baba na mama wa watoto wale. Mtakutana kwenye vikao vya wazazi shuleni. Mtakutana wodini mtoto akilazwa. Mtakutana siku ya posa ya binti yenu, na siku ya kuwazika wazee wenu. Watu watakaokutana namna hiyo maisha yao yote lazima wajue kuzungumza, na pa kuanzia ni barazani, kabla ya mahakama.

Wengi mnadhani baraza ni kizuizi tu cha kuwachelewesha. Sivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ndiyo inayofuatwa Tanzania Bara hadi leo, inasema katika kifungu cha 101 kwamba mtu hatapeleka maombi ya talaka mahakamani kabla hajaupeleka mgogoro wake kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, na baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Sheria hiyo inataka kila kata iwe na baraza. Waziri anaweza pia kuitambua kamati ya jumuiya fulani kuwa baraza la watu wake, na ndiyo maana Waislamu wengi huenda BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, na Wakristo wengi huenda kwenye baraza la kanisa lao. Baraza lina mwenyekiti, na wajumbe wengine wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Wakili haruhusiwi kumsemea mtu pale. Hekima yake naiona kila kikao: mume na mke wanapaswa kusikilizana kwa vinywa vyao wenyewe, walau mara moja, kabla hawajaanza kusemewa na watu wa kulipwa.

Ipo pia njia ya kwenda mahakamani bila kupita kwetu, kwa mwenye sababu. Mwenzako amekukimbia na hujui aliko. Anaishi nje ya nchi na hatazamiwi kurudi ndani ya miezi sita. Ameitwa barazani akakataa kwa makusudi. Amefungwa kifungo cha maisha, au cha miaka isiyopungua mitano. Ana ugonjwa wa akili usiotibika. Au mahakama imeridhika kwamba kuna mazingira ya pekee yanayofanya baraza lisiwezekane. Asiye na moja kati ya hayo atapita kwetu.

Baraza likishindwa linatoa hati, ndiyo hiyo mnayoiita Fomu Namba 3. Hati hiyo ina umri wake: ikizidi miezi sita hamjafungua shauri, haifai tena. Na shauri lililofunguliwa bila hati halali laweza kwenda mpaka Mahakama ya Rufani, kisha likatupwa huko huko juu kwa sababu lilianza vibaya huku chini. Watu wanarudishwa walikoanzia na miaka yao imekwenda. Kwa hiyo wewe mwenye haraka, haraka yako haikusaidii. Kikao cha kweli kitakuokolea muda kuliko karatasi ya kuombwa mlangoni.

Lakini kuna neno katika sheria hiyo ambalo watu hawalijui, na baadhi yetu wajumbe tunalisahau. Kifungu cha 104 kinaliruhusu baraza, linapotoa hati ya kushindwa, kuambatisha mapendekezo yake juu ya matunzo, mgawanyo wa mali za ndoa, na watoto watakaa na nani. Maana yake tuna kazi mbili. Ya kwanza ni kujaribu kuwarudisha pamoja. Ya pili, ile ya kwanza ikishindikana, ni kuwasaidia mwachane bila kuwaumiza watoto. Ninyi mnadhani tukishindwa kuwarudisha chumba kimoja kazi yetu imekwisha. Kumbe hapo ndipo pana kazi kubwa zaidi, nanyi mmeshainuka mnatafuta viatu.

Majirani zetu wa Kenya wameliona hili. Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 159, inazitaka mahakama zihimize njia nyingine za kumaliza migogoro, upatanishi ukiwemo. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Milimani, Nairobi, ilianza kuyapeleka mashauri ya familia kwa wapatanishi, pamoja na yale ya biashara, na watu wakikubaliana huko makubaliano yao hupelekwa mahakamani yakapata nguvu ya amri. Pale mpatanishi haulizi tu kama mtarudiana. Anauliza pia: kama hamrudiani, mtaishije na watoto wenu? Swali hilo hilo ndilo ninalowauliza ninyi.

Sasa nije kwenye miaka saba, maana hakuna neno ninalolisikia barazani mara nyingi kama hili: "Mtoto akitimiza saba nakuja kumchukua." Baba analitamka kwa uhakika kabisa, na mama anaanza kulia miaka minne kabla.

Sikilizeni Sheria yetu ya Ndoa inavyosema. Kifungu cha 125 kinaanza na ustawi wa mtoto, na kinauweka juu ya mambo mengine yote. Baada ya hapo mahakama itaangalia matakwa ya baba na mama, matakwa ya mtoto mwenyewe ikiwa amefikia umri wa kuwa na maoni yake, na mila za jamii yao. Ndipo inaposema kwamba huchukuliwa kuwa ni vyema mtoto wa chini ya miaka saba akae na mama yake. Hilo nalo laweza kupingwa kwa ushahidi. Na hata mtu akilipinga, mahakama itapima ubaya wa kumvurugia mtoto maisha kwa kumhamisha. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba asubuhi ya kutimiza miaka saba mtoto anafungiwa nguo zake na kukabidhiwa upande wa pili.

Nimeona mtoto wa darasa la pili akitolewa shuleni katikati ya muhula kwa sababu ya saba hiyo. Baba yake ni dereva wa malori ya safari ndefu, nyumbani halali. Mtoto akapelekwa kwa shangazi, wilaya nyingine. Baba alitoka pale kifua mbele kwamba amechukua haki yake. Mtoto hakupata baba; alipoteza mama, mwalimu na wenzake wa kucheza nao, yote kwa siku moja. Baba, mwanangu, ukitaka mtoto akujue, usingoje saba. Mpeleke shule leo akiwa na mitano. Mjue mwalimu wake. Jua anaogopa nini usiku. Hilo halihitaji fomu.

Nawe binti yangu, sheria kukutaja hakukupi hati ya kummiliki mtoto. Kama una kazi ya usiku na baba yake ana mama yake mzazi, mtu mzima mwenye huruma, aliyezoeleka na mtoto, basi usikatae mpango mwema kwa sababu tu umetoka upande ule. Sheria inaangalia mtoto, nawe mwangalie mtoto.

Jambo la pili ni kubadilishana mtoto kwa pesa. Mama anasema, "Hamwoni mpaka alete hela." Baba anasema, "Siwezi kumlisha mtoto nisiyekaa naye." Wote wawili mnakosea. Kifungu cha 129 kinamwajibisha baba kuwatunza watoto wake, wawe mikononi mwake au mikononi mwa mwingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa mtoto, wazazi wakitengana, haki ya kutunzwa na kusomeshwa kwa kiwango alichokuwa nacho kabla hamjatengana. Inampa pia haki ya kumtembelea yule mzazi asiyeishi naye na kukaa naye, ili mradi masomo yake hayavurugiki. Haki hizo ni za mtoto. Mama hana ruhusa ya kuziuza, wala baba hana ruhusa ya kuzisamehe. Baba akichelewesha pesa, zipo njia za kumdai: afisa ustawi wa jamii yupo, mahakama ipo. Mtoto hawekwi rehani.

Najua wengi wenu hamna mshahara wa tarehe maalumu. Mvuvi wa hapa kwetu wakati wa kusi huenda akakaa siku nyingi bahari haiingiliki. Huyo usimwandikie kiasi cha kila mwezi kinachofaa mtu wa ofisini, utakuwa umemwandikia deni. Mtu hujikuna ajipatapo. Kaeni muulizane mwezi mbaya una nini na mwezi mzuri una nini. Wekeni kiasi kidogo kisichokosekana hata kusi, na nyongeza ya kaskazi. Muuza mitumba, mwendesha bodaboda, mkulima wa machungwa wa Muheza, kila mmoja ana msimu wake. Hakimu hatajua misimu yenu yote kwa kikao kimoja. Ninyi mnaijua, na baraza la kata yenu linaijua.

Mnauliza tuandike nini. Andikeni mambo madogo, kwa sababu ugomvi wa baada ya talaka hautoki kwenye mambo makubwa. Mtoto atalala wapi siku za shule. Likizo ya mwezi wa sita atakuwa kwa nani, na ya mwezi wa kumi na mbili kwa nani. Idi atavaa nguo kwa nani, au Krismasi. Nauli ya kumpeleka na kumrudisha ni ya nani. Nani atalipa michango ya shule, nani atanunua sare na viatu, na bima ya afya iwe chini ya jina la nani. Akiugua usiku nani ataambiwa, na ataambiwa saa ngapi. Pesa itatumwa kwa simu ipi na tarehe gani, ili pasiwe na "nilimpa mkononi" wala "sikupokea". Nani mwingine anaruhusiwa kumchukua shuleni. Mmoja akitaka kuhamia Mwanza au Muscat kikazi, atatoa taarifa mapema kiasi gani. Mmoja akioa au akiolewa tena, mtoto ataambiwaje na nani. Haya yote yanaweza kuandikwa kwenye karatasi mbili, kwa Kiswahili cha kawaida, kila mmoja akatia sahihi mbele ya wajumbe.

Karatasi hiyo ipelekeni mahakamani pamoja na hati. Msiishie kuitunza sandukuni, kwa maana makubaliano yasiyo na nguvu ya amri hutegemea hisia za siku hiyo. Hakimu ataipima kwa kipimo kile kile cha ustawi wa mtoto, na anaweza kumwita afisa ustawi wa jamii achunguze na kumletea ripoti. Akiridhika, mtakuwa na amri mliyoitunga wenyewe. Na mtoto anakua: mpango wa mtoto wa miaka mitatu hautamfaa akiwa na kumi na tatu. Mambo yakibadilika mnarudi na kuomba ibadilishwe. Mwanya huo upo katika sheria, kwa hiyo msiogope kukubaliana leo mkidhani mmejifunga milele.

Ninawaambia muanze kukubaliana wenyewe kwa sababu ninaijua mahakama, na ninaiheshimu. Nchi imejitahidi. Temeke, jijini Dar es Salaam, tangu mwaka 2021 kuna Kituo Jumuishi kinachoshughulikia mirathi na mambo ya ndoa na familia, mahakama za ngazi mbalimbali zikiwa mahali pamoja. Ni jambo jema. Lakini hakimu mwema kuliko wote atawaona kwa saa chache, katikati ya mashauri mengine, nanyi mbele yake mtasema mabaya ya mwenzenu ili mshinde. Yakishasemwa mahakamani yameandikwa, na siku moja mwanenu atakuwa mtu mzima anayejua kusoma. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Huyo unayemwita malaya mbele ya karani ndiye atakayemwuguza mwanao wiki ijayo.

Kuna pia hesabu ya nyumba, na hii naitaja wazi kwa sababu inajificha nyuma ya mtoto. Mtu anang'ang'ania watoto si kwa kuwatamani, bali anawaza kwamba atakayebaki na watoto ndiye atakayebaki na nyumba. Tenganisheni mambo haya. Mali ya ndoa ina kifungu chake katika Sheria ya Ndoa, cha 114, na kipimo chake kikubwa ni mchango wa kila mmoja. Binti yangu, usidhani kwamba kwa kuwa hukuajiriwa huna mchango. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana mali ya ndoa. Dai mali yako kwa njia ya mali. Usimfanye mtoto kuwa ufunguo wa mlango.

Kwa ndugu zangu Waislamu nina neno la peke yake. Mungu ametuagiza katika Sura An-Nisaa, aya ya 35, kwamba ikihofiwa mfarakano, apelekwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke, wakitaka suluhu. Aya inataka watu wawili wenye nia ya kupatanisha, nanyi mnaruka mpaka kwenye talaka ya ujumbe wa simu. Mume anaandika maneno machache akiwa safarini, anabonyeza, anadhani amemaliza. Hajamaliza. Hapa Bara sheria inaitambua talaka ya Kiislamu pale ambapo baraza limethibitisha kushindwa kuwapatanisha, kisha ikatolewa, na mahakama ikaitolea amri. Zanzibar wana Mahakama za Kadhi na taratibu zao. Lakini ujumbe wa simu hauwezi kusema mtoto atakaa wapi, wala nani atamnunulia daftari. Mwanamke anabaki na talaka kwenye simu na watoto wanne chumbani, hajui ameachwa au hajaachwa, anaogopa hata kuposwa. Mcheni Mungu katika hili.

Sasa nasema jambo ambalo nataka lisichanganywe na hayo mengine. Kama unapigwa, usije kwetu kwanza. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenziwe, mume wala mke. Nenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, upewe fomu ya polisi ya matibabu, PF3, ukatibiwe. Ikiwa mtoto ameumizwa au ameingiliwa, hakuna kikao cha wazee wa ukoo kinachoruhusiwa kulimaliza hilo kwa mbuzi na fidia. Ni jinai. Usuluhishi ni kwa watu wawili ambao kila mmoja anaweza kufungua kinywa bila kuogopa safari ya kurudi nyumbani. Anayeogopa hawezi kukubaliana na mtu, atakubali tu. Wazee wenzangu mnaowaambia mabinti "vumilia, ndoa ndivyo ilivyo" huku wana plasta usoni, mtaulizwa. Mahakama ina uwezo wa kumruhusu mtu kama huyo aende bila baraza kwa sababu ya mazingira ya pekee. Mwelekezeni huko, au kwa msaidizi wa kisheria aliye karibu, msimrudishe.

Na ninyi wakwe, mawifi, mama wadogo na washenga, nina ombi. Mnapokuja barazani njooni kama mashahidi wa upendo uliokuwepo, msije kuongeza kuni. Nimeona mume na mke wamelainika, wanakaribia kukubaliana juu ya watoto, kisha dada wa mume anakohoa na kusema, "Kaka, mtoto ni wa ukoo wetu." Kikao kimeishia hapo. Ukoo haumwamshi mtoto saa kumi na moja kumwandaa kwenda shule. Bibi mzaa mama, usimwambie mjukuu kwamba baba yake ni mhuni. Bibi mzaa baba, usimwulize mjukuu mama yake analala na nani siku hizi. Mtoto akitumwa kupeleleza atajifunza uongo kabla ya kujifunza kuandika.

Wajumbe wenzangu wa mabaraza, nasi tusikilize. Tusipokee chai ya upande mmoja. Tusimtoze mtu fedha isiyo halali kwa ajili ya sahihi. Tusimkatize mke kwa kuwa sauti yake ni ndogo, wala tusimcheke mume anayelia, maana wapo wanaolia. Tusimsimamishe mtoto katikati ya chumba tukamwuliza, "Unamtaka baba au mama?" Swali hilo atalibeba mpaka uzeeni. Ikibidi asikilizwe, asikilizwe kando, na mtu anayejua kuzungumza na watoto, aulizwe juu ya shule, usingizi na wenzake, na kauli yake isigeuzwe silaha. Yanayosemwa barazani yasitufuate gengeni. Na tukitoa hati, tuiandike sawasawa: nani walikuja, tulisikia nini, tulijaribu nini, tunapendekeza nini juu ya watoto. Hati ya mistari miwili inamwacha hakimu gizani.

Wanangu, nimesema mengi, na koo limekauka. Naomba mchukue jambo moja la kufanya. Njooni mapema. Msingoje mpaka mmoja amehama na godoro, mwingine ameshampata wa kumfariji, na ndugu wa pande zote mbili wameapa. Njooni wakati bado mnagombana ndani ya nyumba moja. Mwaka wa kwanza wa ugomvi una maneno ya kuponyeka, mwaka wa tano una maneno ya kukumbuka tu. Wako waliokuja mapema wakarudiana, na nimewashika mkono wakiondoka. Wako waliokuja mapema wakaachana, na watoto wao leo wanakwenda kwa baba Ijumaa jioni na kurudi kwa mama Jumapili, bila polisi, bila mjomba wa kusindikiza, bila mtu kusimama nje ya geti akipiga honi. Nawaheshimu hao wa pili sawa na wale wa kwanza.

Na kama mmeshatengana na hamjapata kukaa chini, bado hamjachelewa. Mtumie mwenzako ujumbe leo. Usiandike habari za nani alianza, wala za ile siku. Andika juu ya mtoto tu: ada ya muhula ujao imefikia wapi, na lini tunaweza kukutana mbele ya wazee tukapanga likizo yake. Akijibu kwa matusi, usijibu matusi, rudia swali. Akijibu vizuri, taja siku, na muifuate. Mwenyezi Mungu awape nyote ulimi mpole na sikio refu, awahifadhi watoto wenu katika nyumba moja au mbili. Amina.